Boti Nyembamba, Mtu Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kupita Loki na Madaraja ya Kuzunguka

Boti nyembamba za mifereji ya Uingereza zina upana wa mita 2 na kidogo, na ndefu kabisa hufika mita 22. Mwili wake ni chuma, na ile ya mita 17 huwa na uzito wa tani 15 au zaidi. Kikomo cha mwendo ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6.4, na ukipita kando ya boti zilizofungwa unapaswa kwenda polepole kuliko hapo. Mgeni akiona mwendo huo hudhani hakuna la kuogopa. Lakini tani 15 zikielekea ukutani, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, huzizuii kwa mguu wala kwa mkono. Anayejaribu huvunjika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kuiwasha boti, kuiongoza kwa kana, yaani mpini wa usukani, na kuisimamisha kwa rivasi, na sasa anataka kusafiri bila mwenzake. Inawezekana kabisa, wapo wanaoishi majini miaka mingi wakiwa peke yao, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee. Kinachowavusha ni mambo mawili: kamba iliyo mkononi, na tabia ya kufanya jambo moja na kulimaliza kabla ya kugusa la pili. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye loki, yaani chumba cha maji cha kupandishia na kushushia boti, hilo linaloponyoka linaweza kuwa boti yenyewe.

Kama unategemea kukodi, uliza mapema, kwa sababu kampuni nyingi za kukodisha hutaka watu wawili angalau. Wengi wanaosafiri peke yao wana boti zao wenyewe, zenye leseni, bima na cheti cha usalama. Mifereji mingi ya Uingereza na Wales, kama maili 2,000 hivi, husimamiwa na Canal & River Trust, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012. Tovuti yao hutangaza loki zilizofungwa kwa matengenezo na sehemu zenye upungufu wa maji. Isome jioni kabla ya safari.

Loki ni nini na inafanyaje kazi

Loki ni chumba cha kuta za mawe, matofali au zege, chenye malango mbele na nyuma, kinachoipandisha boti kutoka sehemu ya chini ya mfereji hadi ya juu, au kuishusha. Hakuna pampu, maji huteremka yenyewe. Ukifungua njia ya maji upande wa juu, chumba kinajaa na boti inapanda. Ukifungua upande wa chini, chumba kinatoka maji na boti inashuka. Lango halifunguki mpaka maji ya pande zake mbili yawe sawa, kwa hiyo usihangaike kulisukuma mapema. Likiwa tayari, litaanza kulegea lenyewe.

Njia hizo za maji hufungwa na vilango, yaani mbao au vyuma vinavyopanda na kushuka. Vilango vya ardhini hupitisha maji kwenye mtaro uliojengwa ndani ya ukuta. Vilango vya langoni viko kwenye lango lenyewe. Unavipandisha kwa hendeli ya chuma unayoichomeka kwenye ekseli yenye pembe nne, na kuna kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno ili kilango kisianguke. Malango yenyewe husukumwa kwa boriti ndefu. Egemeza mgongo au makalio kwenye boriti, kaza miguu kwenye matofali yaliyoinuliwa ardhini kwa kazi hiyo, ukasukume taratibu.

Upande wa juu wa chumba, chini ya lango, kuna kizingiti cha mawe au zege kinachochomoza ndani kama mita moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Loki ikijaa hukioni. Alama yake ni mstari mweupe uliochorwa ukutani, na mara nyingi kibao. Nitakirudia kizingiti hiki, kwa sababu ndicho kinachozamisha boti.

Kwenye mifereji myembamba, kama ile ya katikati ya nchi iliyofuata vipimo vya mhandisi James Brindley katika karne ya 18, loki ina upana wa mita 2.1 hivi. Boti huingia kama droo kwenye kabati na haiwezi kuyumba upande. Inaweza tu kwenda mbele na nyuma. Kwenye mifereji mipana, kama Leeds & Liverpool, loki ina upana wa zaidi ya mita 4, na boti moja nyembamba ndani yake huyumba kila upande ikiwa haikushikwa. Baharia wa peke yake aijue tofauti hii vizuri, kwa maana loki pana humchosha mara mbili.

Vitu vya kuwa navyo

Kamba ya kati ndiyo chombo chako cha kwanza. Imefungwa katikati ya paa la boti, nawe unaposhuka unashuka nayo. Weka mbili, moja kila upande, zikiwa zimelazwa juu ya paa hadi ulipo wewe, tezi, yaani nyuma ya boti, pale unaposhika kana. Kamba ya kazi za kila siku isiwe ndefu kiasi cha kuifikia rafadha, yaani panga linaloisukuma boti, ikidondoka majini. Kwa loki yenye kina utahitaji ndefu zaidi, basi iunganishe unapofika, ukaitoe unapomaliza. Unene wa milimita 14 hivi unafaa: nyembamba sana hukata mikono, nene sana haikamati vizuri kwenye nguzo.

Ongeza kamba ya mita 30 inayoelea, kwa ajili ya madaraja. Hendeli chukua mbili, kwa sababu moja siku fulani itazama. Na uwe na mkanda kiunoni wa kuichomeka, mikono ibaki huru. Ufunguo wa Canal & River Trust unaofungua madaraja na vyoo ufungie kizibo kinachoelea. Kwenye mifereji ya kaskazini, Leeds & Liverpool ikiwemo, utahitaji pia ufunguo mdogo wa kufuli zilizowekwa kuzuia wahuni wasicheze na vilango. Upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia, na ngoe, mti wenye kulabu, vikae juu ya paa, mahali pa kuchukulika mara moja.

Jaketi la kujiokolea livae. Mfereji wenyewe mara nyingi una kina cha kiunoni, lakini loki ni shimo lenye kuta za utelezi, maji yake baridi hata mwezi Juni, na wewe huna mtu wa kukurushia kamba. Simu iwe mwilini mwako, kwenye mfuko usiopitisha maji. Iliyobaki mezani ndani ya boti haitakusaidia. Viatu viwe vya kukamata chini.

Na kamba usiizungushe kiganjani wala kifundo cha mkono, hata kwa sekunde. Ishike wazi, ili ikivuta kwa nguvu iteleze na kukuacha na vidole vyako.

Kufika kwenye loki

Punguza mwendo mapema, mita 100 kabla au zaidi. Tazama mbele: malango yamefunguka upande gani? Kuna boti inayokuja? Kama loki iko tayari kwa anayekuja upande wa pili, mwache apite. Hilo ni adabu, na tena huokoa maji. Naye akikuona uko peke yako, mara nyingi atabaki kukusaidia lango.

Simama kwenye gati la kusubiria lenye nguzo fupi za kufungia. Leta omo, yaani mbele ya boti, kwanza kwa pembe ndogo, weka nyutro, gusa rivasi kidogo mpaka boti isimame kabisa, ndipo ushuke na kamba ya kati. Kushuka maana yake ni kukanyaga nchi kavu. Ukiona inakubidi uruke, bado hujafika, na kuruka ndiko kunakoumiza watu wengi. Zungusha kamba kwenye nguzo, ivute boti iguse gati, funga. Kwa kituo kifupi kamba hii moja hutosha, ila boti nyingine ikipita kwa kasi, maji huivuta na boti huinama kwa sababu imeshikwa paani. Ukiona utasubiri muda mrefu, funga omo na tezi pia.

Kisha nenda ukaiangalie loki mikono mitupu, hendeli kiunoni. Uone ngazi ya ukutani iko wapi, nguzo ziko upande gani, vilango vyote vimefungwa au kuna kimoja kimeachwa wazi. Dakika mbili za kutembea hapa zina faida kuliko hatua nyingine yoyote katika mwongozo huu.

Kupanda

1. Hakikisha malango ya juu na vilango vyake vimefungwa. Kama chumba kimejaa, fungua vilango vya chini kitoe maji. Maji yakilingana, fungua lango la chini. Kwenye loki pana fungua moja tu kati ya mawili, lile la upande wa gati lako. Boti nyembamba inapita, nawe umepunguza kazi kwa nusu.

2. Rudi kwenye boti na uamue utaiingizaje. Njia ya kwanza ni kuikokota: shika kamba ya kati, panda ngazi za kando ya loki, uivute boti ndani taratibu kama farasi walivyofanya zamani. Boti ikishaanza kuteleza inavutika kwa urahisi wa kushangaza. Kazi ni kuisimamisha, kwa hiyo zungusha kamba kwenye nguzo mapema na uiache isugue mpaka boti itulie. Kama kuna daraja dogo kwenye mdomo wa loki, kamba itakuzuia. Kwenye mfereji wa Stratford-upon-Avon baadhi ya madaraja hayo yalijengwa na mwanya katikati ili kamba ya farasi ipite, na mwanya huo bado ni neema kwa aliye peke yake.

3. Njia ya pili ni kuingia ukiendesha. Ingia polepole, isimamishe boti kabisa ngazi ikiwa karibu na mahali ulipo, weka nyutro, tupia kamba ya kati begani bila kuifunga mwilini, ukwee ngazi. Vyuma vya ngazi vina ukungu wa kijani unaoteleza kama bamia. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika wakati wote.

4. Juu, chagua nguzo iliyo nyuma kidogo ya katikati ya boti, uzungushe kamba mara moja au mbili, mwisho wake ubaki mkononi au karibu na mkono. Kuikaza na kuiacha ni kosa: boti inapanda, kamba inalegea, na maji yanaisukuma mbele.

5. Funga lango la chini na ushushe vilango vyake kwa hendeli. Usiviachie vianguke vyenyewe.

6. Sasa fungua kilango kimoja cha ardhini upande wa juu, robo au nusu tu. Kwenye loki pana anza na kile cha upande uleule boti ilikolala. Maji hupita chini yake, hugonga ukuta wa pili na kurudi, yakiibana boti upande wako. Ukianza na kile cha upande wa mbali, boti itavutwa kuvuka chumba na kurudi na kishindo.

7. Rudi kwenye kamba, simama hapo. Boti itasukumwa nyuma kidogo, kisha itavutwa mbele kwa nguvu kuelekea lango la juu. Kamba itakaza kwenye nguzo na utaisikia ikilia. Iache isugue, usishindane nayo. Kadiri boti inavyopanda, vuta kile kinacholegea. Maji yakitulia, ongeza kilango.

8. Vilango vya langoni usiviguse mpaka midomo yake iwe imefunikwa na maji ndani ya chumba. Ukivifungua mapema, maji yatamwagika kama maporomoko juu ya omo, na ikiwa mlango wa mbele uko wazi, yataingia hadi kitandani.

9. Maji yakilingana, fungua lango, shusha vilango, toa boti polepole na uisimamishe mara tezi inapovuka lango. Shuka na kamba, funga lango, hakikisha hakuna kilango kilichobaki juu. Boti sasa iko usawa wa miguu yako. Hii ndiyo sehemu rahisi.

Wapo mabaharia wazoefu wanaopanda loki nyembamba wakiiacha boti kwenye gia ya mbele, omo ikiwa imeegemea lango la juu na dafrao lake, yaani mto wa kuzuia mgongano. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini omo inaweza kukwama chini ya ubao au chuma cha lango huku tezi ikiendelea kupanda, nawe uko kwenye vilango, mbali na gia. Siipendekezi kwa mgeni, na hata mzoefu asitoe macho yake kwenye omo.

Kushuka

Kushuka ni kwepesi kwa mikono na kuna hatari zaidi kwa boti. Jaza chumba, fungua lango la juu, ingia, shuka na kamba bila kupanda ngazi yoyote. Kabla ya kufunga lango tembea hadi tezi uutafute mstari mweupe ukutani. Rafadha na usukani viwe mbele ya mstari huo kwa nafasi ya kutosha, omo karibu na malango ya chini bila kuyagusa. Boti ikiwa fupi kuliko chumba una nafasi. Ikiwa ndefu, pima kwa macho mara mbili. Loki za Leeds & Liverpool kati ya Leeds na Wigan zinapokea boti za mita 19 hivi tu, na mwenye boti ya urefu huo hana sentimita za kuchezea.

Zungusha kamba kwenye nguzo itakayoizuia boti isirudi nyuma, na uhakikishe urefu unatosha hadi chini kabisa. Kamwe usiifunge fundo. Boti iliyofungwa kwenye loki inayotoka maji huning'inia kwa kamba yake. Itainama upande, na kamba yenye tani za uzito haifunguki tena kwa mkono. Weka kisu kikali karibu kwa sababu hiyohiyo.

Fungua kilango kimoja cha chini nusu, ukarudi mahali unapoiona tezi. Kushuka kwa boti kuwe sawasawa mbele na nyuma. Ukiona omo inazidi kuzama huku tezi imebaki juu, imekalia kizingiti. Usiingie ndani kuokoa kitu. Kimbilia vilango vya chini, vifunge vyote mara moja, kisha fungua vile vya juu taratibu ili maji yarudi na boti ielee tena. Fanya kwa mfuatano huo: kwanza zuia maji yasitoke, ndipo uyaongeze.

Chumba kikiisha kutoka maji, fungua lango la chini. Uko juu, boti iko chini. Kama njia ya kando inaruhusu, ikokote nje kwa kamba hadi gati la chini. Kama hairuhusu, shuka kwa ngazi hadi paani, mikono ikiwa huru, uitoe kwa injini, uifunge gatini, urudi kwa miguu kufunga lango na vilango. Ndiyo, ni safari mbili. Kilango kimoja kilichoachwa wazi usiku kinaweza kukausha kipande kizima cha mfereji, na kesho boti zote zitakuwa zimelala kwenye tope.

Ukihitaji kuvuka kwenda upande wa pili wa loki, pita juu ya ubao wa lango lililofungwa, mkono kwenye chuma cha kushikia. Usiruke mwanya wa malango yaliyofunguka nusu. Na hendeli isibaki kwenye ekseli ukiiachia mkono, hata kama kidole cha chuma kimekamata: kikiteleza, hendeli huzunguka kwa kasi inayovunja mkono au taya.

Loki zilizoungana

Mahali pengine lango la juu la loki moja ndilo lango la chini la inayofuata. Mfano mkubwa ni Bingley Five Rise huko Yorkshire, loki tano zilizofunguliwa mwaka 1774, zinazopandisha boti mita 18 hivi. Kanuni yake ni moja: ukipanda, chumba cha chini kabisa kiwe kitupu na vyote vilivyo juu yake vimejaa, ukishuka, cha juu kabisa kimejaa na vyote vya chini vitupu. Ukikosea, maji yatafurika au boti itakaa chini. Bingley ina wasimamizi, na hupiti bila wao, kwa hiyo peke yako huko ni raha: wao wanashughulikia vilango, wewe unashika boti. Kwenye ngazi ndefu za loki, yaani loki nyingi zinazofuatana, kama Caen Hill, yenye loki 29, uliza kama kuna wahudumu wa kujitolea siku hiyo, na usione haya kusema uko peke yako.

Madaraja ya kuzunguka

Ukitoka juu ya Bingley, kuna maili 17 hadi Gargrave bila loki hata moja. Aliye na wenzake hupumzika hapo. Aliye peke yake ndipo kazi inapoanza, maana kipande hicho kimejaa madaraja yanayozunguka: ya mashamba, ya vijiji, ya barabara.

Tatizo lake ni la mpangilio. Gati la kusubiria mara nyingi liko upande wa njia ya miguu, lakini daraja linageukia upande wa pili, na kufuli liko hukohuko. Unafunga boti, unavuka, unalisukuma daraja, na sasa mfereji uko kati yako na boti yako.

Kwa hiyo funga boti mbali kidogo na daraja, ulivuke kwanza bila kugusa kufuli. Angalia ubao wake utageukia wapi, na kama upande wa pili kuna gati, nguzo au ukingo mzuri. Kama upo, umemaliza: rudi, ihamishe boti kwenda upande huo, omo ikigusa polepole, shuka na kamba, funga, fungua daraja, pita, simama tena upande huohuo, rudi kwa miguu ulifunge. Angalia kina lakini, kwa sababu upande usio na njia ya miguu huwa na matope na mawe.

Kama hakuna mahali pa kusimama, tumia kamba ndefu, na siku ya utulivu tu. Ifunge kwenye omo, zima injini ili rafadha isiizungushe, ifungue boti gatini, vuka daraja ukiwa umeishika kamba ikilala juu ya maji upande wa boti. Ukifika ng'ambo, ipitishe mahali ambapo daraja halitaikanyaga, fungua daraja, kisha vuta omo kuelekea kwako na uiongoze boti ipite mwanya kwa mkono. Ifunge ng'ambo ya daraja, rudisha daraja mahali pake, lifunge kwa ufunguo, panda. Kabla ya kuanza tazama pande zote mbili: kamba iliyotandazwa mferejini ni mtego kwa boti nyingine. Upepo ukivuma, usijaribu. Chemsha chai na usubiri, boti nyingine itakuja.

Kwa hakika, msaada ndio njia bora kuliko zote. Njia ya kando ya mfereji haikosi mtu anayetembeza mbwa. Mwombe jambo moja dogo na umweleze vizuri: alisukume daraja ukimwashiria, na alirudishe ukishapita. Mtu wa njiani anaweza kusukuma daraja au boriti ya lango. Vilango vya maji usimpe.

Madaraja mengi ya barabara huendeshwa kwa umeme. Unachomeka ufunguo kwenye kisanduku, unabonyeza kitufe, taa zinawaka, vizuizi vinashuka, daraja linageuka. Ufunguo hautoki mpaka daraja lirudi na vizuizi vipande, kwa hiyo lazima urudi kisandukuni. Maandalizi ndiyo yanayofupisha foleni ya magari: injini iwe inanguruma, kamba imebaki mzunguko mmoja, na ujue utasimama wapi baada ya kupita. Kabla ya kubonyeza, angalia watembea kwa miguu na baiskeli. Madaraja mengine yenye barabara kubwa hayafunguliwi saa za kwenda na kutoka kazini, soma kibao. Magari yakianza kupiga honi, endelea kwa mwendo uleule. Mwenye haraka barabarani atachelewa dakika chache, lakini wewe ukikimbia kwenye gati lenye unyevu unaweza kuanguka kati ya boti na ukuta.

Kamba ikishika rafadha

Itatokea, au mfuko wa plastiki, au nguo kuukuu. Utasikia injini ikilemewa na boti haisogei. Weka nyutro, zima injini, toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako. Sogea ukingoni kwa upondo, funga boti. Ndipo ufungue kifuniko cha kufikia rafadha kilicho juu yake, ukate kwa kisu au msumeno mdogo. Kifuniko kikazwe barabara kabla ya kuwasha tena. Kikilegea, rafadha itamwaga maji ndani na boti inaweza kuzama.

Kupanga siku

Mabaharia wa mifereji hukadiria loki moja kuwa sawa na maili moja, na mwendo wa tatu kwa saa, loki na maili zikihesabiwa pamoja. Hesabu hiyo ni ya watu wawili au zaidi. Wewe hesabu mbili kwa saa, na kwenye loki pana au madaraja mengi hesabu pungufu. Panga kumaliza kukiwa na mwanga mwingi, na kula kabla ya ngazi ya loki, si katikati yake. Uchovu wa peke yako unakuja kimya. Dalili yake ya kwanza ni kusahau kilango juu. Ukijikuta umerudi mara ya pili kuhakikisha kitu ambacho siku zote unakikumbuka, funga boti palepale panaporuhusiwa.

Mahali pa kulala pasiwe gati la loki wala la daraja, kwani hapo ni pa kusubiria tu. Chagua mbali kidogo, na kamba za omo na tezi zielekee mbele na nyuma kwa pembe, kamba ya kati ukiilegeza au kuitoa kabisa. Vigingi vya chuma vipigilie kwa kuinamisha kichwa mbali na boti, uvifunike kwa kitambaa cheupe ili mpita njia asijikwae. Ukilala karibu na loki maji yanaweza kushuka usiku, kwa hiyo acha kamba na nafasi kidogo, na asubuhi kabla ya kuwasha injini tazama mstari wa maji kwenye ubavu wa boti uone kama bado inaelea.